Mpagazi Asiye na Povu

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hucheka mpaka mgongo huu mbovu unikataze. Nilikuwa kijana wa ghala la mafuta Changamwe, suruali nimeipiga pasi hadi mstari wake ungekata mkate. Nilimtaka Mwanajuma, binti wa Bi Zuhura muuza mahamri wa Chaani. Kumpata ilikuwa lazima nipite kwa mamake, na mamake alikuwa mtu wa kukutazama tu, ukajiona hujaoga.

Nikaona nimwonyeshe usomi wangu. Nikaenda na kitabu cha katuni cha Kiingereza, nikaketi benchini kwake, nikaanza kutafsiri. Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea maandishi ya mapipa, kwa hiyo mengi niliyazua tu. Humo Mzungu mwenye kofia na bunduki anamwinda simba, na nyuma yake mpagazi mweusi na kasha kichwani.

Bi Zuhura alisoma Kiarabu tu, herufi za Kizungu hakuzijua. Akaweka kidole pichani, juu ya yule Mzungu.

"Na povu hili lamtoka kinywani, ana kifafa?"

"La, mama. Hayo ndiyo maneno yake."

"Na huyu wa kasha mbona hana? Ni bubu?"

Nikapekua kurasa zote. Mpagazi kabeba, kavuka mto, kafukuzwa na simba, hata "mama wee" hakupewa.

"Na wewe humu ni yupi?"

Nikamwonyesha mwenye bunduki. Wallahi, mwanangu, nilimwonyesha yule! Mwanajuma, aliyekuwa akikanda kando yetu, akacheka hadi unga ukamponyoka. Mamake hakucheka.

"Binti yangu simpi mtu asiyejijua pichani. Rudi siku ukijiona."

Niliona haya, na niliumia. Miezi mingi nilikunywa chai kavu, bila mahamri, ili nisipite njia ile.

Uhuru ulipokaribia, vikaanza kuuzwa vitabu vya katuni vya Kiswahili. Humo shujaa ni mtu wetu, ana suti na motokaa, na povu lake limejaa nusu ya ukurasa: ndugu zangu hivi, maendeleo vile. Nikanunua kimoja, nikakimbia nacho Chaani kama niliyeshinda kesi.

"Shikamoo, mama. Tazama, sasa wenye povu ni sisi."

"Marahaba. Mashallah, suti yampendeza." Akatazama tena. "Na huyu nyuma, amshikiaye mkoba?"

Hakuwa na povu.

Safari hii sikubishana. Nikatoa penseli, nikamchorea mshika mkoba povu lake, nikaandika ndani, nikampa Mwanajuma amsomee mamake.

"'Mimi ndiye huyu, mama. Naomba unioze...'" Akajifunika uso kwa ushungi.

"Nimwoze nani? Malizia!"

"Mimi."

Bi Zuhura akageuza mahamri yake polepole, moyo wangu ukikaangwa pamoja nayo. "Posa haiji kwa povu. Lete wazee wako. Na suruali hiyo uiache kwenu, itamkata mtu."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Tawala hubadilika, na katuni hubadilika nazo, shujaa akavuliwa kofia akavishwa suti. Usiishie kwa anayesema. Mtafute aliyenyimwa povu, na ukipewa penseli, mwandikie. Na siku suti ikikufika wewe, geuka nyuma umuulize mshika mkoba anasemaje.

Mungu akupe macho ya Bi Zuhura, akujaalie na mama mkwe mpole kuliko yeye. Amina.