Kahawa ya maonyesho ya baba hapa Mapinga ilivyotufugia wadudu, na tulivyowashinda

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta nikihofia mtasema natunga. Ni kweli tupu, shamba lipo.

Baba ni Mhaya, kwao kahawa ni jadi. Alipostaafu alipanda kahawa aina ya robusta nyuma ya nyumba, katikati ya minazi na migomba.

Jirani yetu, Mzee Kondo, alicheka: "Mhaya, kahawa Pwani? Utavuna majani!"

Ikazaa. Tangu hapo baba akawa hakubali tuvune yote. Miti ya upande wa barabara aliiachia matunda hadi yakakaukia mtini, ili wapita njia waone.

Msimu uliofuata, matunda yakatobolewa. Ndani kuna mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya ufuta. Baba akapulizia dawa. Dawa nje, mdudu ndani.

Akaapa: yakitobolewa tena, anang'oa kahawa yote na kujenga frem za maduka.

Mimi nina degree ya kilimo, ajira sina. Nikaanza kuwaza. Ni joto? Udongo? Au mkosi ni mimi?

Nikakagua mti kwa mti. Iliyoathirika zaidi ni ile ya maonyesho, na ile iliyobanwa na migomba hadi jua haliingii.

Kumwambia baba sasa! Hotuba niliifanyia mazoezi bafuni, nikaishia kusema: "Baba, yale matunda ya kuonyesha watu ndiyo nyumba ya wadudu."

Akaninunia siku nzima. Kisha: "Haya, vuna. Ukikosea, frem utapaka rangi wewe."

Tulivuna miti yote, tukaokota hata yaliyoanguka, tukayachemsha wadudu wafe, kwenye sufuria la pilau la mama (msiulize alisema nini). Tukapogoa, tukapunguza migomba.

Mzee Kondo akachungulia uani: "Poleni. Kahawa mnazika lini?"

Nusura nimwamini.

Wakuu, msimu huu nimepasua tunda baada ya tunda nikitafuta tundu. Mazima! Yaliyotobolewa ni ya kutafuta.

Baba akakaanga, akatwanga, akampelekea Mzee Kondo kikombe.

"Mhaya, hii umenunua wapi?"

Baba akaninyooshea kidole. "Muulize mtaalamu wangu."

Mtaalamu! Mzee Kondo akamaliza kikombe, akaniomba miche.

Nilichojifunza: matunda unayoyaacha shambani unamwekea mdudu akiba. Vuna yote, okota yote, ruhusu jua lipite. Ushahidi wa kahawa uwe kikombeni.

Wenye kahawa maeneo ya joto, nyie mnafanyaje? Nikosoeni taratibu, kila comment huwa naiwaza wiki nzima.