Mama Oili wa Njia ya Endebess

Ngige, mwenye gari la turbo, hajui jina halisi la mama anayeuza oili pale Kitale, njia ya kwenda Endebess. Kila mtu humwita Mama Oili. Kabla ya kukuuzia chochote, huchomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini yako, akasugua tone la oili kuukuu kati ya vidole huku akiangalia kando, kama mpishi anayeonja chumvi. Wenye magari ya mbio humwomba ile nzito ya trekta, wakiamini uzito ndio ulinzi. “Wapi! Turbo haimezi uji, baba,” husema kwa sauti ya chini, na mkono wake umeshafikia mtungi wa sinthetiki, ile nyepesi isiyoungua upesi. Kisha humwambia kila mteja: “Ukifika, usizime ghafla. Iache injini ingurume kidogo, turbo ipoe.”

Jumapili moja Ngige, akitoka Bungoma, alimkuta nyuma ya duka akimwaga oili ya Subaru moja ya bluu. Iliyotoka ilikuwa safi kama asali. Nyasi zilikuwa zimefika milangoni mwa gari; halikuwa limeendeshwa tangu mumewe afariki.

“Mama, si hii bado ni mpya?”

“Najua.”

Akajaza sinthetiki ile ile, akapenyeza mkono dirishani, akawasha, akasikiliza. Halafu akazunguka gari, akaketi kiti cha abiria, akafunga mkanda. Injini ikanguruma kidogo, bila haraka, na ndipo alipopitisha mkono juu ya kiti kitupu cha dereva, akazima.