Diski ya Mume Wangu na Mablanketi ya Mama Mkwe

Miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumiminika hadi Tukuyu, mume wangu, mwalimu wa sekondari, alinunua kompyuta iliyokwishatumika. Fundi aliyemuuzia alimwonya kwamba diski ya ndani, inayotunza kazi zote, hupata joto. Ikipita nyuzi hamsini inaweza kufa na kila kitu. Akamwekea programu ya kuonyesha joto hilo kwenye kona ya kioo. Tangu siku hiyo mwalimu wa watu hakuwa na amani. Aliacha chakula mezani akaenda kuchungulia kona.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na wakati huo nilikuwa nalala na soksi.

"Mji mzima unatetemeka kwa baridi," nilimwambia, "wewe unaogopa joto?"

Alipoitwa Mbeya kwenye semina ya siku tano, aliiacha ikiwaka, maana aliamini kuizimazima ndiko kunakoiua. Akaniomba niandike joto lake kutwa mara tatu. Nikachora chati kama zile za wodini, nikaibandika ukutani. Kila siku alipiga simu.

"Ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Haya." Anakata.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Suma kututembelea. Siku ya nne asubuhi, mvua ikipiga bati, alinikuta naandika ishirini na saba.

"Karatasi ya nani hii, mwanangu?"

"Ya kompyuta, mama. Tunaangalia joto lake."

"Na mtu mzima anatakiwa awe na ngapi?"

"Thelathini na saba," nikajibu huku natafuta mwavuli, nikaenda zangu kazini.

Niliporudi saa tisa, kompyuta ilikuwa ndani ya mablanketi mawili, imefungwa khanga kiunoni, kioo tu kikichungulia. Mama ameketi pembeni yake kwenye kigoda. Kwenye kona palisomeka hamsini na sita.

"Mama! Umefanya nini?"

"Mwe! Ishirini na saba, si alikuwa anakufa? Wewe muuguzi unamwacha mgonjwa unaondoka!" Akanionyesha kioo kwa kidevu. "Sasa angalia, amepata nafuu."

Nilikuwa bado navuta mablanketi simu ilipoita.

"Ngapi?"

Nikasema kweli. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hamsini na ngapi?"

Semina ilimshinda. Alifika jioni ileile, amelowa chapachapa, akapita sebuleni bila salamu. Akaizima kompyuta, akafungua sanduku lake, akatoa manyoya ya blanketi kwenye feni ya ndani, akaiwasha tena huku amefumba macho. Diski ilikuwa hai. Mtihani mmoja tu wa kidato cha pili ndio uliogoma kufunguka. Akamgeukia mama yake, kidole kimeshainuka.

"Kaa chini," mama akamwambia. "Siku nne umepiga simu kuuliza joto la sanduku. Mimi nimo nyumba hiihii, goti langu limevimba tangu Jumapili. Uliniuliza?"

Kidole kikashuka. Mimi pia nikatazama sakafu, maana ndimi muuguzi wa nyumba na goti lile sikuliona.

Mume wangu akavuta kigoda, akakaa mbele yake na nguo zake mbichi. "Goti lipi, mama?"

Mama akaanza kueleza. Alianzia mbali sana, kwenye mimba yake ya kwanza.