Mama wa Kwenye Kona

Jumamosi nilienda kutazama mbio za nyika za shule za upili karibu na Kapsoit. Watazamaji walikuwa wamesongamana kwenye utepe wa kumalizia, isipokuwa mama mmoja aliyesimama peke yake kwenye kona ya mbali, katikati ya mashamba ya chai. Nikamwendea, nikamwambia kwamba pale hataona mshindi.

"Huko wako watu wengi," akasema, akiisokota leso yake. "Mwaka jana msichana wangu alishikwa na pumu hapa, akaanguka ndani ya majani chai. Mbio iliisha na hakuna mtu alijua."

Kundi la kwanza likapita. Binti yake hakuwemo. La pili nalo likapita.

"Labda amepita hukumwona," nikasema.

"Mimi? Nikose kumwona?"

Hatimaye msichana akatokea, wa nyuma kabisa, mdomo wazi. Mama akaruka mtaro, akakimbia kando yake. "Pumua pole pole! Pole pole!"

"Mum, unaniaibisha! Rudi!" binti akafoka bila kugeuka, akaongeza mwendo.

Mama akasimama, mikono kiunoni, akicheka huku machozi yakimtoka. "Umesikia? Ameongea yote na hajakohoa."

Wengi wetu tukiulizwa kwa nini tunaenda kutazama michezo, husema ni kwa sababu ya raha. Mama huyu hakupata raha yoyote mpaka alipofokewa na binti yake.