Simu Iliyozama Mferejini

Simu yangu iliangukia mferejini Jumatatu asubuhi, na kosa lilikuwa langu, maana niliitia kifuani, ndani ya blauzi, badala ya kuiacha mezani kwa baba. Lakini siku hizo sikuwa naiacha popote. Hata chooni nilikuwa naingia nayo.

Ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwetu, huku mlimani Meru, mfereji una zamu zake, na ukichelewa kidogo jirani ameshaziba na maji yako yananywesha migomba yake. Zamani baba ndiye aliyekuwa anafungua maji. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kulia umelala na mdomo umevutwa upande mmoja. Akitaka kusema, unatoka mlio tu. Kwa hiyo kila Jumatatu nilikuwa nafunga kibanda changu cha kushonea kule Sekei, mjini Arusha, na kupanda nyumbani. Siku hiyo nimeinama kung'oa gogo la mgomba tunalozibia mfereji, nikahisi kitu kinateleza tumboni, chubwi! Nilipiga yowe hadi jirani akadhani nimeumwa na nyoka. Nikaingia kwenye maji na viatu vyangu, nikapapasa topeni huku vidole vimekufa ganzi, nikaipata imenasa kwenye mizizi. Ilimulika mara moja, ikazima.

Sasa, nisije nikaonekana mwanamke wa kulilia simu. Simu yenyewe ilikuwa ya kizamani, kioo kimepasuka kona mbili. Nilichokuwa nalilia ni sauti ya baba.

Miezi mitatu kabla hajaugua, nilimwomba anitembeze shambani, nami nikamrekodi. Alizungumza kwa Kimeru, polepole, akisimama kwenye kila isale, yale majani tunayopanda mpakani, akisema hili alilipanda nani na linatenganisha nani na nani. Katikati alimfukuza kuku, akakohoa, akacheka. Mwisho tukafika kile kipande cha chini kando ya mfereji, akasema wazi, akitaja na jina langu, kwamba kile ni changu. Mimi ni mtoto wa kike, na nilirudi nyumbani ndoa ilipovunjika. Wazee wa ukoo wetu ukiwatajia binti na ardhi pamoja wanakohoa kwanza. Na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo kulikuwa na kikao cha ukoo, cha kugawa kihamba, shamba letu la urithi, wakati baba bado yuko hai, hata kama hasemi.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: baba hawezi kusema, na simu iliyokuwa inasema badala yake imekunywa maji.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukuituma mahali pengine? Swali zuri. Kaka yangu mkubwa aliniomba zaidi ya mara mbili niitume kwenye kundi la familia. Baba mwenyewe alishamwambia, kwa fahari, kwamba nimemtia kwenye simu. Siku baba amelazwa, tuko kwenye benchi la hospitali, kaka ananiuliza, "Dada, ile sauti ya mzee iko salama?" Nikajiuliza, kwa nini anaulizia sauti na si dawa? Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuituma. Nilijua ikishafika kwenye kundi, atatafuta wa kuikatakata au atawaandaa wazee mapema. Nikaificha kwenye simu peke yake, nikajiona mwerevu.

Jumatatu ile niliifukia simu kwenye debe la mchele, kama kila mtu anavyosema. Jumanne kaka, habari zilishamfikia, akapiga kwenye simu ya jirani yangu. "Dada, usiiwashe kabisa. Mpelekee fundi wa Kimandolu, naimba naye kwaya, ni mtu mwaminifu."

Mtu mwaminifu! Mimi ni fundi cherehani, na nitasema ukweli wa Mungu: ukiniletea mita tatu za kitambaa, gauni lako litatoka zuri, lakini yale mabaki usiyaulizie sana. Mafundi tunajuana. Mafundi simu ndio usiseme, mji mzima wa Arusha unajua wanavyotoa spea nzima kwenye simu yako na kukurudishia mbovu. Kwa hiyo nilikwenda siku hiyo hiyo, ila nilikwenda na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Alipoifungua tu nikamwambia, "Subiri." Nikatia nukta kwenye betri, nikatia nyingine ndani ya mfuniko, na nilikuwa naielekeza brashi kwenye bodi yenyewe aliponishika mkono.

"Shikamoo tena, mama," alisema, na kusalimiana tulishasalimiana. "Hiyo nayo ni maji. Unataka kuizamisha mara ya pili?"

Wateja waliokuwa pale wakacheka. Nikafunga kichupa changu.

Alikuwa mtu wa makamo, mpole mno kwa ladha yangu. Aliikagua kwa miwani ya jicho moja, akatoa punje mbili za mchele kwenye tundu la chaji, akaziweka mezani. "Mchele ni wa kula, mama." Kisha akaniambia neno ambalo sikulitilia maanani, maana nilikuwa namwangalia mikono: "Ungekuwa unataka simu, ningekuambia kanunue mpya. Hii hata nikiifufua haitadumu. Ila wewe unataka kilichomo, na hiyo ni kazi nyingine. Niachie siku nne. Naisafisha, inakauka yenyewe, halafu naiamsha mara moja tu, nitoe sauti yako. Usiichaji, usiiwashe, usimpe mtu."

Siku nne! Nikahesabu: Jumamosi. Siku ya kikao. Yaani fundi wa kaka, anayeimba na kaka, anataka kukaa na ushahidi wangu mpaka siku yenyewe ya kikao. Nilimwachia kwa shingo upande, maana wale wateja walikuwa bado wananichekea.

Jumatano kaka akaja Sekei na boksi. Simu mpya. Akaiweka juu ya cherehani. "Hiyo ya zamani usihangaike nayo sana," alisema. "Tumia hii. Laini yako nimeshaichukua kwa fundi, nimeitia humo." Nilishukuru, kwa sababu nimelelewa. Lakini moyoni, jamani! Kaka huyu, ambaye soda tu anakununulia kwa mahesabu, leo ananinunulia simu? Na laini yangu ameishika? Alipoondoka tu nikaikagua simu ile kila upande, kana kwamba ningekuta kitu kimefichwa kwenye betri. Usiku nikaiweka jikoni, mlango umefungwa.

Alhamisi saa sita nilipita Kimandolu. Sikuwa na shida ya kupita Kimandolu. Nilijitungia safari ya kutafuta zipu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya muuza parachichi, nikaangalia. Na nikaona kwa macho yangu mawili: kaka ameegemea meza ya fundi, anaongea naye kwa sauti ya chini, kisha anatoa kitu mfukoni, kidogo, kinaingia kwenye kiganja, na anamfumbia fundi kiganja kile kwa mikono yake miwili. Wakapeana mikono. Akaondoka anapiga mluzi.

Hasira! Sitanii, nilimshika muuza parachichi bega kwa nguvu mpaka akaniuliza kama nimepungukiwa damu. Nilisubiri kaka apotee, nikavuka.

"Nipe simu yangu."

"Mama, bado ina unyevu. Kesho kutwa tu."

"Nimesema nipe."

Alinitazama. Aliitoa kwenye kikopo alichokuwa ameifunika, akaifunga kwa karatasi kwa uangalifu, akanipa kwa mikono miwili. "Basi angalau usiichaji," alisema. "Nakuomba." Nukta zangu nyekundu zote zilikuwepo. Niliziona, na badala ya kutulia nikajisemea huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Sokon One, kwa fundi ambaye hajui ukoo wetu wala kwaya yetu. Huyo nilimpenda papo hapo. Alikuwa na maneno mengi na kicheko, kibanda kina taa za rangi, na hakuniuliza nina nini kwenye simu. "Siku nne? Wanakupotezea muda, mama yangu. Nipe saa moja." Nikakaa kwenye stuli, goti langu linagusa meza yake, simwondolei macho. Aliipuliza kwa kile kifaa cha joto mpaka ikawa haishikiki. Nikaona anachomeka waya. Neno "usiichaji" lilinipita kichwani, nikalifukuza, maana lilikuwa neno la fundi wa kaka.

Kioo kikawaka. Naapa kiliwaka. Niliona picha ya mgomba niliyoiweka mbele, na nikaruka na kumpiga yule bwana mgongoni kwa furaha. Kisha ikasikika ti, kitu kidogo sana, ukatoka moshi mwembamba na harufu ya plastiki, na kioo kikawa cheusi.

Alijaribu tena, na tena. Mwisho akaisukuma kwangu. "Hii ilikuwa imeshakufa, mama. Bodi imepigwa shoti, imeungua. Nunua mpya, ninazo hapa."

Jumamosi nilipanda mlimani na simu mbili mkobani, moja nzima na moja maiti. Niliwaza nitasema nini. Nilipanga kumshitaki kaka mbele ya watu wote: kwamba alimhonga fundi, kwamba nililazimika kukimbia na simu yangu, kwamba damu ya hii simu iko mikononi mwake. Nilishapanga hadi mahali pa kulia.

Baba alikuwa ametolewa nje, amekalishwa kwenye kiti chake cha mikono, blanketi magotini. Wazee walikaa, mzee wa kanisa akaomba, loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, ikapita kwenye vibuyu. Kisha kaka akasimama. Mimi nikaufungua mkoba na kuushika.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Mpaka wa juu mnaujua. Wa katikati mnaujua. Kile kipande cha chini kando ya mfereji baba alishampa dada yangu huyu. Alinitamkia mimi mwenyewe kabla hajaugua, na mimi nasema hivyo hivyo mbele yenu ili kesho na keshokutwa mtoto wangu asije akaleta maneno."

Wazee wakakohoa. Mmoja akauliza kitu, kaka akamjibu kwa upole. Wakaangaliana, wakakubali. Nadhani haikufika dakika tano. Nilikuwa bado nimeushika mkoba wazi.

Baba alikuwa ananitazama. Kaka akageuka. "Sasa dada, tuwekee ile sauti. Wajukuu hawajawahi kumsikia babu akiongea sawasawa, na yeye mwenyewe ajisikie. Nilimpa fundi flashi Alhamisi atutolee nakala, tupate watoto wote, akaniambia umeshaichukua simu. Nikajua umeitoa mwenyewe."

Hakuna aliyenishitaki. Laiti mtu angenishitaki! Nilisimama, nikaitoa ile simu maiti mkobani.

"Imeungua," nilisema. "Niliipeleka kwa fundi mwingine."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na namna. Nikasema mbele ya ukoo mzima, "Sikukuamini, kaka." Aliketi taratibu, akajifuta uso kwa kiganja, na nikaona kwamba naye alikuwa anaihitaji ile sauti, na kwamba haikuwa kwa ajili ya shamba.

Ndipo baba akaanza. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akauelekeza kule juu, kwenye isale la kwanza. Akatoa mlio. Akahamisha mkono kidogo, isale la pili, mlio mwingine. Jasho lilimtoka. Alikuwa anasema yote upya, mpaka kwa mpaka, kwa mpangilio ule ule, na hakuna hata neno moja lililoeleweka. Alipofika upande wa mferejini mkono ukashuka ukanielekea mimi, ukakaa hapo. Nililia kama mtoto, nakwambia, si pale nilipokuwa nimepanga.

Kaka alikuwa ameshatoa simu yake, anamrekodi. Aliishika mbele ya baba kwa mikono miwili mpaka mzee akachoka na kufumba macho. Akabonyeza, akairudisha mfukoni.

Sijakaa hata vizuri, ile simu aliyoninunulia ikalia mkobani. Alikuwa ameshaituma kwenye kundi la familia.