Bahari ya Bethwel na Chumvi ya Ng'ombe

Baba yangu alikunywa Bahari ya Hindi akiwa amesimama Eldoret, kofia kichwani, majirani wakitazama.

Alimeza funda zima. Alikuwa na hakika ni chang'aa, ile pombe kali ya magendo.

Wacheni niwasimulie mimi mwenyewe, maana mtu mwingine akiishika hii hadithi ataiharibu.

Mwaka ni 1986. Chama kimoja, redio moja, na chifu ambaye akikohoa mtaa mzima unanyamaza. Mimi ni Wahu, binti ya Macharia wa Yamumbi, yule muuza chakula cha mifugo. Nilikuwa na diploma yangu mpya, napiga taipu kwenye chuo kikuu kule Kesses, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Na nilikuwa nimependa.

Bethwel, Mluhya, fundi wa stima kwenye kiwanda cha nguo. Mrefu, mpole, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Kasoro ilikuwa moja tu.

Alifuga bahari sebuleni.

Si mzaha. Alikuwa amefanya kazi Mombasa, na alipohamishiwa kwenye baridi yetu alikataa kuiacha bahari nyuma. Aliunda tangi la vioo, refu kama kochi. Ndani kulikuwa na matumbawe ya zambarau, kamba wadogo wanaopitisha mwanga kama nailoni, na samaki wawili wa rangi ya chungwa waliojifunga mikanda myeupe.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Unawala lini?"

Alinitazama kama nimemtukana mamake.

"Hawa hawaliwi, Wahu."

"Mluhya ana samaki nyumbani na anakula sukuma wiki?"

"Ndiyo hivyo."

Kazi yake sasa! Taa juu ya maji, pampu ya hewa, na kipasha joto, la sivyo baridi ya Eldoret ingewamaliza. Stima ikipotea, tangi lilifunikwa blanketi kwanza, mimi nikabaki na sweta. Maji yakipungua aliongeza ya mvua, yasiyo na chumvi. "Maji ndiyo huruka hewani," alinifundisha. "Chumvi haina mabawa." Kisha mara kwa mara alitoa sehemu ya maji ya zamani na kutia ya bahari yenyewe, yaliyopanda treni ya mizigo kutoka Mombasa ndani ya mitungi ya plastiki.

Mitungi hiyo ndiyo ilitutia matatani.

Hebu jiweke ng'ambo ya ua. Unaona mitungi inaingia kwa kijana asiye na mke. Mapazia yamefungwa mchana, eti jua lisioteshe mwani majini. Ndani kunatokota, blu blu blu. Mpira umetoka dirishani, unamwaga maji machafu.

Mama Selpha, jirani yake Bethwel, alienda Yamumbi kununua chakula cha kuku. Alirudi na chakula. Habari za chang'aa aliziacha kwa Baba.

Baba ni mzee wa kanisa. Pombe aliichukia kuliko kupe. Na mwezi huo huo Bethwel alitaka kuleta wazee wake kuniposa. Baba alikuwa amesema atafikiria.

Akaacha kufikiria. Jumamosi akatokea kwa Bethwel bila hodi, akanikuta nimemtembelea. Bethwel alikuwa anashusha mitungi miwili kwenye mkokoteni.

"Kijana, hiyo ni nini?"

"Ni bahari, Mzee."

"Ni nini?"

"Bahari."

Baba alinigeukia. "Wahu, huyu ameshalewa?"

Majirani walikuwa nje tayari. Mama Selpha alitoka na kiti kabisa.

"Leo ni wewe na chifu!" Baba akafungua mtungi, akanusa. Haunuki. Akakasirika zaidi. "Kumbe ni ile kali!" Akaupiga teke, bahari yote ikanywewa na udongo. Wa pili akauinua mdomoni apate ushahidi.

Funda moja.

Macho yalimtoka. Akakohoa, akashika ukuta.

"Chumvi!"

"Nilikwambia, Mzee."

Bethwel akamkaribisha ndani kwa heshima. Baba akasimama mbele ya tangi. Kwa Wakikuyu wa rika lake, samaki ni nyoka tu aliyehamia majini. Alirudi nyuma. Akasonga mbele. Kisha akaondoka bila kuaga, na bila kusema lolote kuhusu posa.

Wiki nzima sikulala vizuri.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa kwa Bethwel tena, akarudi, safari hii na hodi. Kwapani alikuwa na pakiti ya chumvi ya ng'ombe, ile bora kabisa dukani kwake.

"Nilimwaga bahari yako," alimwambia Bethwel. "Nimekuja kuirudisha. Bahari si ni maji na chumvi?"

"Asante Mzee, lakini..."

"Hii ina madini yote. Ng'ombe akiilamba, ndoo hazitoshi!"

Akararua pakiti na kuelekea kwenye tangi, kiganja kimejaa.

Bethwel aliishiwa damu usoni. Chumvi ile ina shaba. Kwa ng'ombe ni afya, kwa kamba na matumbawe ni sumu. Kiganja kimoja na bahari yake ingekuwa mchuzi.

Lakini huyo ni baba mkwe mtarajiwa. Nani humkatalia?

"Mzee, usiweke."

Baba hakugeuka.

"Mzee. Hapana."

Mkono ulikuwa juu ya maji. Bethwel akaudaka. Akaukamata sawasawa, mkono wa mtu aliyekuwa anamwomba binti.

Nikafunga macho. Posa kwisha.

"Niachilie," Baba akasema.

"Ukirudisha kwenye pakiti."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Mzee. Na binti yako nampenda. Lakini hapa huweki."

Pampu tu, blu blu blu.

Baba akarudisha chumvi kwenye pakiti, punje kwa punje, akapangusa mikono, akakaa.

"Wahu, leta chai."

Niliileta.

"Vijana wanne wamekuja dukani kukuomba," akasema.

"Wanne? Mbona hukuniambia?"

"Ungewacheka. Niliwaambia jua hutua Timboroa, kule linakochomoza, wote wakasema ndiyo Mzee. Niliwaambia ng'ombe hutaga, ndiyo Mzee." Akamwelekezea Bethwel kikombe. "Huyu amenishika mkono kwa ajili ya mdudu asiyejua hata kusema asante. Kijana, lete wazee wako."

Nilikodoa macho. "Baba, ulijua chumvi hiyo ni mbaya?"

"Pakiti imeandikwa kondoo asipewe, shaba humuua. Ikiangusha kondoo, itamwacha huyo mdudu?"

"Na kama hangekushika?"

"Ningeitia mfukoni, tukarudi nyumbani mimi na wewe."

Basi dada zangu, yule anayemwitikia baba yenu kila kitu msimwite mwenye adabu haraka. Pengine hana kitu anacholinda. Tafuteni mwenye kitu ambacho hata baba mkwe hawezi kukigusa, kisha mhakikishe na ninyi mmo ndani yake.