Kahawa Aliyoikataa Amra

Nani aliyewaambia wanawake wa mtaa wetu hapa mjini Ibra kwamba Amra amefiwa? Hadi leo sijui. Juzi, msibani, harufu ya kahawa yenye iliki ilinirudisha kwenye alasiri ile.

Amra alikuwa mke wa ami yangu, aliyemwoa alipokuwa akisoma Yugoslavia. Ukomunisti ulikuwa umeanguka kule, nchi ikasambaratika, na ndugu yake wa pekee alibaki ndani ya Sarajevo iliyozingirwa. Barua zake zilikuwa zimekatika.

Wanawake waliingia na mabirika ya kahawa na tende, wakavua viatu, wakaanza kulia taratibu. Mmoja alimmiminia Amra kikombe, lakini hakukipokea; alisimama mbele yao.

"Shikamooni. Nani kaiona maiti yake?"

"Redio imesema mtaa wao umeteketea, mwanangu," alisema jirani yetu, Bibi Zuwena. "Kaa kitako ulie."

"Basi mlilieni mtangazaji. Ndugu yangu hajafa mpaka aje aliyemzika aniambie."

Niliona haya. Nilidhani ameikataa kahawa kwa kukosa adabu, kama mgeni asiyejua desturi zetu. Sasa natambua kwamba alizijua barabara: angekunywa kikombe kimoja tu, angekuwa amekubali kufiwa.

"Kesho Jumatano, siku ya soko," aliwaambia walipokuwa wakivaa viatu, "nakwenda kumnunulia ndugu yangu kitambaa cha shati."

Asubuhi aliingia soko la wanawake amevaa gauni jekundu, akawaamkia wale wale waliokuja kumlilia, mmoja mmoja, kisha akaomba apimiwe kitambaa cha kumtosha mwanamume mrefu.